Pumzi Kabla ya Kiitikio

Bibi mwenye skafu alipofika mbele ya meza, hakutoa mkono. Kwanza alivua hedifoni, akazima kimashine chake cha CD kilichoning'inia kiunoni, kisha akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza.

"Wimbo wa tatu," alinong'ona chini ya barakoa. "Kabla ya kiitikio, pumzi imechelewa. Nisamehe sana, mwanangu."

Honami, mwimbaji aliyekuwa upande wa pili wa meza, naye akainama, akaomba radhi kwa kuombwa radhi. Msimamizi wa foleni akamgusa bibi begani: muda umekwisha, apishe mwingine. Nagoya, mji huo wa Japani, mtu akikanyagwa ndiye anayesema samahani, kwa hiyo hakuna aliyelitia neno lile maanani. Lakini hilo la pumzi lilimkaa Honami kooni kama mwiba wa samaki, akashinda nalo kutwa.

Mashabiki wengine hawakujua hata kama kuna wimbo wa tatu. Walinunua CD kwa maboksi, kwa sababu ndani ya kila moja mlikuwa na tiketi ya kushikana mkono na mwimbaji. Walichomoa tiketi, CD zenyewe wakazirundika kando ya pipa la taka. Nyimbo walizisikiliza kwenye simu, kama walizisikiliza. Bibi peke yake ndiye aliyekuja na mashine, na siku moja kijana aliyekuwa nyuma yake alimuuliza kama ameifukua kaburini.

"Huko ndiko naipeleka," bibi alimjibu, kwa kunong'ona vilevile. "Na betri nimeshanunua. Wewe hiyo simu yako utaichaji wapi?"

Foleni ikaangua kicheko. Honami alicheka pia, kisha akamuuliza, maana alitaka kujua kweli, kwa nini hasikilizi kwenye simu kama wenzake. Bibi alisema kwenye simu wimbo haujamalizika vizuri, mwingine unausukuma. CD ikifika mwisho inasimama, nawe unabaki na ulichosikia, kizuri na kibaya. Akaikaza skafu shingoni, na ilikuwa Agosti, watu wanatiririka jasho. Akaingiza pipi ya koo chini ya barakoa, akaenda zake.

Maneno kama hayo yangemfurahisha mwimbaji yeyote. Honami yalimfanya atamani ardhi ipasuke immeze, kwa sababu katika CD ile hakuwa ameimba hata neno moja.

Bwana Ebihara, meneja wake, alimsikiliza studio mara moja tu. Alimwambia kwa upole kwamba uso wake unaita watu na sauti yake inawarudisha makwao. Ikaazimwa sauti ya mtu mwingine, jina la mtu huyo likafichwa, na Honami akafundishwa kuifuatisha kwa midomo jukwaani. Akitamka lolote kuhusu siri hiyo, kazi imekwisha. Alikubali, kwani mama yake kule kwao Gifu alikuwa ameshawatangazia majirani mtaa mzima.

Mara nyingi alimuwazia mwenye sauti ile. Alimwona kuwa ni msichana wa rika lake, pengine meno yake yamepandana, amejifungia chumbani mahali fulani akimlaani. Hilo aliweza kulivumilia. Hata wale wa maboksi aliweza kuwadanganya na bado akalala usingizi: walikuja kwa ajili ya mkono, na mkono ulikuwa wake kweli. Bibi alikuja kwa ajili ya sauti. Kila alipoinama na kuomba radhi, Honami alijiona mwizi anayeombwa radhi na aliyemwibia.

Majira ya joto yalipokuwa yakiisha, bibi alikuja akiwa amekonda, skafu imemzunguka shingo mara mbili. Alitoa tiketi yake, akainama, na safari hii akakawia kuinuka.

"Mwanangu, leo ndiyo mwisho wangu kuja," alisema. "Nisamehe kwa yote."

Msimamizi alikuwa ameshanyoosha mkono. Honami aliuona. Alimwona na Bwana Ebihara nyuma ya pazia akichezea simu, akamkumbuka mama yake na majirani wale. Kisha akatazama kile kichwa cheupe kilichoinama mbele yake, mbele yake yeye, na haya ikamshinda nguvu. Aliishika mikono ya bibi yote miwili, akamvuta karibu.

"Bibi, usiniombe radhi mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Sauti unayoipenda si yangu. Tangu mwanzo nafungua mdomo tu. Nimekudanganya, na naona haya hata kukutazama."

Alifumba macho. Alisubiri mikono ile ijichomoe, kisha asikie kelele, foleni igeuke, na Bwana Ebihara atoke mbio nyuma ya pazia. Mikono haikujichomoa. Ilimkaza zaidi, mikavu na yenye joto, mpaka akalazimika kufumbua macho.

Bibi alikuwa ameshusha barakoa. Midomo yake ilikuwa myembamba, imekunjamana, machozi yameifikia. Alimsogelea Honami sikioni ili msimamizi asisikie, akaimba kiitikio taratibu, kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa, ileile ambayo Nagoya nzima iliiita sauti ya Honami.