Kidani cha Lusajo

Hivi wewe umewahi kumsikia mtoto akiomba uji kwa sauti isiyo yake? Tukuyu ya siku hizo, kila mtoto aliyechelewa kusema alivishwa kidani kilichosoma haja zake na kumsemea. Akitimiza miaka mitatu bila neno lake mwenyewe, hakivuliki tena.

Lusajo alikuwa amebakiza wiki moja. Mwalimu Atupele, aliyeajiriwa kufundisha watoto kama hao asubuhi tu, aliketi naye mkekani, akamvua kidani, akampaka asali kidogo mdomoni ili aichezeshe midomo. Kisha akashika kikombe cha uji na kusubiri. Nje mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri.

"Mwalimu nawe, utaniulia mwanangu kwa njaa!" mama yake alifoka kutoka jikoni.

"Vumilia kidogo, Mama Lusajo."

Mtoto akakunja uso, pua ikamtoka jasho. "U… ui," akakwaruza, mate yakimchuruzika.

"Uji! Umemsikia?" Atupele alimnywesha huku machozi yakimlenga.

Mama alikuja akachuchumaa, akasikiliza lile neno likirudiwa. Akamfuta mtoto mate kwa kanga, taratibu, kisha akakiokota kidani.

"Hiki kila siku huniambia, 'Mama, nakupenda.' Huyu wako ataniambia lini?"

Atupele alikiweka kikombe chini.

Mama akakifunga kidani shingoni mwa mwanawe. "Kesho usije, mwalimu," alisema. "Mimi namtaka huyu anayenipenda."