Unga wa Manjano

Maua ya maboga ya Bi Sikudhani yalikuwa yakinyauka bila kuzaa, naye moyoni alishamhukumu jirani yake, Mwanakombo. Asubuhi moja alijibanza nyuma ya migomba, akamwona Mwanakombo akiingia bustanini mwake, akichuma ua dume na kulisugua taratibu ndani ya ua jike.

“Wewe! Unaniroga mchana kweupe?”

Mwanakombo alishtuka. “Sikurogi, dada yangu. Nyuki hawaji tena tangu ulipochoma moto mzinga wao. Nafanya kazi yao.”

Akamwachia lile ua kiganjani, akaenda zake. Bi Sikudhani hakumwamini. Alilinusa ua, akaligeuzageuza, akatazama huku na huku. Kisha akapiga magoti, vidole vikiwa vimejaa unga wa manjano, mbele ya ua jike lililofunguka.