Mwanamke wa Sura ya Mwisho

Weldon alikuwa akitafuta kalamu tu. Alifungua daftari la mkewe juu ya meza, akasoma mistari michache, akakaa chini.

"Ijumaa nitatoka," Rebeccah alikuwa ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka. "Sitapiga kelele, sitaaga. Nimempikia mtu huyu tangu aliponioa, na hata siku moja hajaniuliza kama nimeshiba."

Ilikuwa Jumatatu.

Mwaka huo wa 1996, hapakuwa na mtu kijijini Roret asiyemjua Rebeccah. Alikuwa ameacha ualimu ili aandike, na riwaya zake mbili zilisomwa hadi Bomet. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyejifunza kusoma ukubwani, akijificha ghalani na vitabu vya wanawe. Ya pili ilikuwa ya msichana aliyeozwa kwa mwanamume ambaye hakuwa amemwona. Wanawake walioleta majani kituo cha chai walizisimulia kwenye foleni kama habari za jirani. Wanaume walimtania Weldon, ambaye ndiye aliyekuwa karani wa kupima majani hayo: "Huyo bwana wa kwenye kitabu ni wewe, ama?"

Weldon alicheka nao. Hakuwa amesoma hata kimoja. Alivishika tu siku yeye na mkewe walipopigwa picha navyo.

Sasa alipiga magoti, akachungulia chini ya kitanda kama kuna mzigo uliofungwa. Palikuwa na viatu na karai. Hakutulia.

Wakati wa chakula cha mchana alikohoa kidogo. "Umeshiba?"

Rebeccah aliacha kutafuna. "Weldon, uko mgonjwa?"

Jumanne alimtangulia mkewe kuamka, akakama ng'ombe. Jumatano aliomba ruhusa kazini, akajitwika kikapu na kwenda kuchuma chai pamoja naye. Alichuma majani yaliyokomaa na vijiti, mpaka wanawake wa shamba la pili wakashika mbavu kwa kicheko. Jioni akaosha vyombo, akavunja kikombe. Rebeccah alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafungua daftari na kuandika kitu.

Weldon akazidi kuogopa.

Alhamisi alikwenda kumngojea mama yake, Rodah, langoni. Rodah aliishi na mumewe, Mzee Kipkurui, ng'ambo tu ya ua. Kila alasiri alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, akaketi jikoni na Rebeccah saa nzima, mlango ukiwa umerudishwa. Weldon alidhani ni mambo ya akina mama wa kanisa.

"Mama," alisema, "mwanamke akitaka kuacha bwana yake, huyo bwana afanye nini?"

Rodah alisimama ghafla. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimejionea mwenyewe."

Mama yake aliweka kibuyu chini polepole. "Umemwambia baba yako?"

"Baba anaingiaje hapa? Nataka shauri lako."

Rodah alimwangalia mwanawe, halafu akaangalia mlango wa jikoni ambapo Rebeccah alikuwa akimenya viazi. Uso wake ukalegea, akatabasamu.

"Mwanamke akifikia hapo, Weldon, ujue alishasema mara nyingi. Ni vile tu hakuna mtu alikuwa anasikia."

"Kwa hivyo nimechelewa?"

"Wewe?" Alimgusa shavu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Weldon aingie shule ya sekondari. "Wewe bado. Ingia ndani ukamenye viazi."

Weldon akaingia, akamenya viazi.

Ijumaa, umande ukiwa bado kwenye chai, Rebeccah alitokea amevaa rinda lake la kanisani. Alikuwa na begi mkononi. Weldon alisimama njiani mwake.

"Unaenda wapi?"

"Litein."

"Nitakusindikiza." Akalichukua begi kabla hajajibiwa. Lilikuwa zito.

Walitembea hadi barabara kubwa, wakapata lifti kwenye pikapu ya mwalimu Makori. Litein walipita stendi. Weldon alihesabu kila gari lililokuwa likiita abiria wa mbali, lakini Rebeccah hakusimama. Aliingia posta, akafungua begi, akatoa bahasha kubwa ya kaki yenye anwani ya wachapishaji wa Nairobi.

"Ni kitabu?" Weldon aliuliza.

"Kimekwisha."

"Na huyo mwanamke… anaondoka kweli?"

"Anaondoka."

"Hawezi kubadilisha nia?"

Rebeccah aliisukuma bahasha kwa karani wa posta. "Si mimi wa kumwamulia."

Wakarudi. Njiani Rebeccah alimshika mkono, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wakipalilia. "Sijui wiki hii umeingiwa na nini," alisema. "Lakini usiache."

"Siachi," Weldon alisema, na alimaanisha.

Alipika chai mwenyewe. Ilikuwa na majani mengi kupita kiasi, na wote wawili waliinywa. Mkewe yuko hapa, alijiambia, amevua viatu, anacheka. Ijumaa inaisha na hakuna aliyeondoka. Alijisikia mwepesi hata akaanza kupiga mbinja.

Ndipo baba yake akaingia bila kubisha. Mzee Kipkurui hakuwa na kofia, na shati alikuwa amelifunga vifungo upande.

Rebeccah aliweka kikombe chini. Hakuonekana kushangaa.

"Weldon," mzee alisema, "mama yako ametuma mtu. Ameondoka bila kuaga, yuko kwa dada yake kule Kedowa, na ati harudi."