Kioo cha Bi Harusi

Sudi aliegesha pikapu mbele ya kibanda cha Siwema, mtalaka wake, fundi wa pekee wa matairi mjini. Nyuma kilikuwa kimefungwa kioo kirefu alichokuwa akimpelekea bi harusi wake mpya.

"Punguza upepo," alisema dirishani, bila salamu. "Sitaki gari liruke."

Huyu ndiye aliyemwacha akidai mikono yake inanuka mpira. Siwema hakupunguza, alijaza. Alijaza mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe.

"Tayari?"

"Tayari. Hongera."

Pikapu ikashika barabara ya mawe, ikirukaruka kama mbuzi. Siwema akasimama aone raha yake. Kioo kilikuwa kimegeukia nyuma, na ndani yake alijiona mwenyewe, akitetemeka, akizidi kuwa mdogo.