Ndoo Chini ya Dari Kavu

"Ongeza maji," mkurugenzi alisema. "Paa linalovuja halina ndoo tupu."

Karani alitazama dari. Ilikuwa kavu, imepakwa rangi mwezi uliopita. Akamimina maji, kisha akaenda kuzificha kompyuta mpya chooni.

Mkaguzi wa bima alikuwa njiani. Sheria mpya ilisema mfuko wa matibabu usio wa faida, kama huu wao, ukilimbikiza akiba kupita kiwango, ziada irudishwe kwa wanachama. Neno hilo la kurudisha lilimtia mkurugenzi kizunguzungu. Miaka yote wagonjwa waliambiwa dawa hii haimo, kipimo kile hakimo, na mfuko ukanona kama kupe. Leo awarudishie walewale? Thubutu! Tangu juzi akiba yote ilikuwa imelala kwenye kampuni ya shemeji yake, na viti vya ngozi vilikuwa nyumbani kwake, sebuleni.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake.

"Kaka, mama anaingizwa upasuaji mchana huu. Daktari kasema si jambo la kungoja."

"Kadi yetu si anayo? Basi tulia. Mama yangu mimi, nani amkatae?"

Mkaguzi alifika, mama mpole mwenye miwani. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki chenye ufa. Mkurugenzi alimpokea akiwa ndani ya shati la mlinzi. Mlinzi mwenyewe alibaki na fulana.

"Akaunti yenu ndiyo hii tu?" aliuliza, kidole kwenye taarifa ya benki isiyo na kitu.

"Ndiyo hiyo hiyo, mheshimiwa. Tunaganga njaa."

"Na hospitali mnazilipaje?"

"Kwa kuungaunga. Wiki hii hata sijui." Akafuta chozi. Lilikuwa chozi la kweli, kwa kuwa alikumbuka viti vyake.

Mkaguzi alifunga mkoba. "Poleni sana. Wengi wanakijua kiwango cha juu cha akiba tu, kumbe kuna cha chini pia. Nitalishughulikia jambo hili leo leo."

Mkurugenzi hakusikia zaidi ya ile pole. Mlango ulipofungwa tu, alicheka mpaka akashika mbavu. Karani naye akacheka, maana mshahara ni mshahara.

"Kesho viti virudi!"

Walikuwa bado wanamwaga maji ya ndoo simu ilipolia tena.

"Kaka! Wamemrudisha mama kutoka mlangoni mwa chumba cha upasuaji! Mkaguzi amezipigia hospitali zote, kadi za mfuko wenu zisipokelewe, eti hamna kitu. Wanataka taslimu, na pesa yenyewe ni ya kuuza nyumba. Kaka, mama hafiki jioni!"

Mkurugenzi alimpigia mkaguzi.

"Mheshimiwa, pesa tunazo! Tena tele! Nilikuwa naigiza tu. Hata ile ndoo, dari haivuji!"



"Pole, baba," mkaguzi alisema kwa huruma. "Wote wakishafilisika husema hivyo hivyo."