Nyufa Saba za Dashibodi

Nadine Pruitt alipofungua oveni kuangalia kama pai yake ya pichi imeiva, alikuta dashibodi ya gari.

“Garland! Pai yangu iko wapi?”

“Nimeihamishia mezani, mpenzi,” mumewe alijibu kutoka gereji yao ya nyumbani. “Usibamize huo mlango. Zimebaki dakika nne.”

Nadine akaufunga taratibu. Baada ya miaka arobaini na miwili ya ndoa, alishalikubali gari lile la kijani la mwaka 1967 kuwa mke mwenza wake, ingawa mke mwenza huyu hakuwahi kuosha hata kikombe.

Shindano lilikuwa Jumamosi. Kila mwaka klabu ya magari ya kale mjini Mesa humpa kombe mwenye gari ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani: rangi ile ile, viti vile vile, hata skrubu zile zile. Anayenaswa na kitu kipya hutangazwa kwa kipaza sauti. Mwaka jana mwamuzi, mzee Kessler, alimfukuza mtu kwa sababu ya kifuniko cha rejeta, na mpaka leo mtu huyo hununua mkate mji wa pili. Garland alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tisa. Alilitaka lile kombe kuliko alivyotaka goti jipya aliloahidiwa na daktari.

Kuing'oa dashibodi kulimchukua siku nzima, amelala chali, miguu juu ya kiti, akipapasa nati zilizojificha chini ya kioo. Kisha zikafuata wiki tatu za kazi ya nyufa. Zilikuwa saba, na picha ya kila mmoja ilibandikwa ukutani pamoja na vipimo vyake. Garland alitumia wembe, msasa na brashi ya wanja ya Nadine. Alitia dashibodi kwenye oveni, akaitia kwenye friza, akaianika juani, akaipaka rangi, akaifuta kwa kahawa baridi. Ufa wa saba, ule wa karibu na redio, ulimtoa machozi.

“Si ungeiacha tu ilivyo?” Nadine alimuuliza.

“Ilivyo? Kessler akiiona ilivyo, nimekwisha.”

“Huu ni wizi, mzee wangu.”

“Mwizi huchukua. Mimi nimechukua nini?”

“Brashi yangu,” Nadine alisema, akacheka, kisha akamshikia tochi.

Jumamosi Kessler alianza na gari la Dale Hutchins, bingwa wa miaka mitatu mfululizo. Dashibodi ya Dale iling'aa, haina hata mchubuko. Kessler aliigusa kwa ncha ya kidole, akakunja uso.

“Mpya hii.”

“Naapa kwa kaburi la mama yangu, haijawahi kuona jua!”

“Mama yako yule pale anakula soseji, Dale,” Kessler alisema, akalikata jina lake.

Jasho jembamba likamtoka Garland. Ikiwa jicho la mzee huyu limemnasa Dale, yeye atapona vipi? Alitamani kukimbia, goti likakataa.

Kessler aliingia kwenye gari la kijani. Akawasha tochi, akavua miwani, akavaa nyingine. Kidole chake kikatembea polepole juu ya dashibodi, kutoka kushoto hadi karibu na redio, na hapo kikasimama.

“Pruitt,” aliita. “Hebu njoo.”

Garland alisogea. Nadine akamshika mkono.

“Sogeeni nyote!” Kessler alipaza sauti. “Hesabuni nyufa hizi, saba! Huyu hajaziba hata mmoja. Hili ndilo jua la Arizona la miaka zaidi ya hamsini. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutengeneza ufa kama huu! Kombe ni la Pruitt. Na kama kawaida yetu, mbavu za jioni tunakwenda kuzichomea kwenye gereji ya mshindi!”

Watu walishangilia. Nadine alimkumbatia mumewe, mdomo wake ukafika sikioni.

“Tabasamu, kisha kimbia nyumbani,” alinong'ona. “Ile dashibodi ya zamani uliyoikalia ikavunjika bado iko juu ya meza ya gereji, na boksi lililokuja na hii mpya liko mlangoni.”