Swali la Saba

Wanafunzi thelathini na tisa walikuwa wamekosa swali la saba, vichwa vya darasa na wavivu wote pamoja. Mwalimu wa baiolojia alishangaa. Jaribio lile alilitunga mwenyewe juzi, hapa hapa mezani kwake, akaliweka kwenye darasa la mtandaoni.

Akalifungua swali. Kiungo gani huchuja damu na kutengeneza mkojo? Wote walikuwa wamechagua figo. Kumbe yeye, kwa haraka zake, alipokuwa akiweka alama kwenye jibu sahihi, alibofya ini.

"Uzee huo unabisha hodi," akajicheka. Kurekebisha ni kazi ya dakika moja tu: aihamishe alama, kompyuta isahihishe upya, kila mtu apate haki yake.

Kidole kikasita juu ya kitufe. Darasani walikuwa arobaini.

Akashuka na orodha mpaka chini. Mmoja alikuwa amechagua ini. Huyo mmoja ndiye aliyepata ishirini kwa ishirini, na jina lake alilichagua mwalimu mwenyewe, siku aliyojifungua.

Kompyuta ile haikuwa na nywila. Nyumbani kwake amfiche nani?

Binti yake alikuwa jikoni, akiosha vikombe na kuimba.

"Mwanangu," mwalimu akaita, macho yakiwa bado kwenye orodha, "hivi kiungo gani huchuja damu?"

"Figo, mama!" binti akajibu papo hapo. "Hilo nalo la kuuliza?"

Kisha wimbo ukakatika. Maji ya bomba yakaendelea kumwagika peke yake.